Ndama Niliyemfunga Mdomo

Nilimfunga ndama mdomo kwa kikapu nilichokishona mwenyewe, na kwa wiki tisa nilijisifu kwa kazi hiyo. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kwingine nitajitetea, na najijua: nikipewa nafasi ya kujitetea sinyamazi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukosa alama za kuendelea, na nilikuwa nikiishi na mama katika mtaa wa Kamenu, mjini Thika, katika nyumba ya vyumba viwili yenye banda la ng'ombe mmoja nyuma yake. Ng'ombe huyo alikuwa mzee. Alikuwa amezaa madume matatu mfululizo, na kila dume aliuzwa angali mdogo. Mara ya nne akazaa jike. Mama aliinua mkia, akachungulia, akamwambia Mungu, "Ngai, asante," kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Tulijua wote wawili kwamba ng'ombe yule hatazaa tena. Ama ndama huyu akue awe ng'ombe wetu, ama tubaki na banda tupu.

Wiki moja baadaye, dada yangu mkubwa anayeishi Kimbo, kule Ruiru, alitakiwa kurudi kazini. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano na hakutaka chochote ila ziwa. Mama ilibidi aende kumzoesha uji. Alisimama mlangoni na begi mkononi akaniambia, "Mami, huyu ndama sasa ni wako. Nikirudi nimkute."

Huniita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Kila akiniita hivyo naona kama ananipa heshima ambayo sijaifanyia kazi, kwa hiyo nami hukimbia kuifanyia kazi, na hapo ndipo mambo yangu mengi huharibika.

Nilikuwa na kijitabu. Nilikinunua kwa mzee anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia karibu na steji ya matatu, na nilikuwa nimekisoma mpaka jalada likang'oka. Ndani yake kulikuwa na jedwali la maziwa: kiasi gani asubuhi, kiasi gani jioni, tangu wiki ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Mwisho wa jedwali kulikuwa na mstari mnene mweusi, na chini ya mstari neno moja tu: Achisha. Sikuwahi kupewa kazi yenye maagizo yaliyo wazi namna ile. Nilinakili jedwali lote kwenye daftari na kulibandika ukutani kwa ugali.

Nilifuata kila mstari. Maziwa niliyapima kwa chupa ya lita, nikayapasha moto, nikayajaribu kwenye kifundo cha mkono. Ndoo niliichemsha kabla ya kila mlo. Kati ya ndama na mama yake niliweka ubao mrefu ili ulimi wa yule ng'ombe mzee, uliokuwa ukilamba kila kitu pamoja na ukuta, usimfikie mtoto.

Halafu, wiki ya tatu, nilimkuta ndama anatafuna majani makavu ya mahindi niliyomtandikia alalie. Yalikuwa yamechanganyika na kinyesi. Kesho yake akaanza kuhara.

Alihara siku tatu. Nilimpa maji ya chumvi na sukari kila nilipomkuta amesimama, na kila nilipomkuta amelala nilimgusa masikio kuona kama yamepoa. Siku ya nne akapona. Mtu mwingine angeshukuru akaendelea na shughuli zake. Mimi nilikaa chini nikatafuta kosa, nikalipata: maziwa yalikuwa uhai, na kila kisichokuwa maziwa kilikuwa kifo.

Kijitabu kilisema vingine. Kilisema tangu wiki ya pili ndama awekewe pelete kidogo, zile punje za chakula cha mifugo cha dukani, nyasi kavu na maji safi, azichezee hata kama hazili. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Siwezi kusema sikujua. Nilichukua penseli nikaupiga mstari, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: BAADAYE. Niliona nimekisahihisha kitabu. Nilichukua kiondo, kikapu kikuukuu cha mama cha kusukwa, nikakikata katikati, nikakitia kamba za kufungia nyuma ya masikio, nikamvisha ndama mdomoni. Nilikivua wakati wa maziwa tu. Matandiko niliyatupa yote. Sakafu niliisugua kwa maji na dawa kila asubuhi mpaka ikawa safi kuliko sakafu ya jikoni kwetu.

Kila alasiri, mzee mmoja jirani yetu alipita kando ya ua akisukuma baiskeli. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kiwanda cha nguo hapo Thika tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza alipoona kile kikapu alisimama.

"Daktari! Huyu mtoto ameshtakiwa nini hata umemfunga jela ya mdomo?"

"Ni asile uchafu, mzee."

"Na wewe ulipokuwa unatambaa, ulivishwa kiondo?"

"Mimi sikula mchanga."

"Haya, muulize mama yako." Akacheka, akaegemea baiskeli. "Kule kwetu ndama anafundishwa kula na mama yake."

"Kule kwenu hakukuwa na kijitabu," nikamjibu.

Nilisema hivyo kwa mtu wa umri wa baba yangu. Alicheka zaidi, akaniita daktari tena, akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika brashi, uso unawaka, lakini sikukivua kile kikapu.

Na ndama alipendeza. Hilo ndilo lililonidanganya. Manyoya yake yaling'aa, na wanawake waliokuja na chupa zao kuchukua maziwa walisema, "Haiya, kamekuwa kama sahani imeoshwa." Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani, jembamba kama la mbwa wa kukimbia. Nililihesabu hilo pia kuwa unadhifu.

Kila Jumapili ya pili niliwapelekea maziwa Kimbo. Jumapili moja nilimkuta mama amempakata mtoto wa dada, anatafuna kiazi kitamu kilichochemshwa, anakitoa mdomoni kwa kidole na kumwekea mtoto kwenye ulimi. Mtoto alikunja uso, akakigeuzageuza, akakimeza, akafungua mdomo tena.

"Mama!" nikasema. "Hayo mate yana vijidudu."

"Vijidudu gani?"

"Vyako."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. "Vyangu ndivyo vilivyokulea wewe," alisema, "na mama yangu alinifanyia hivi, na ndiye umebeba jina lake. Uji amekataa wiki nzima. Hiki anakula." Kisha akaniuliza habari za ndama, nami nikamweleza kwa mujibu wa jedwali, na akasema vizuri, vizuri, huku akitafuna.

Siku ya themanini na nne ilifika. Nilikuwa nimeizungushia duara kwenye daftari. Asubuhi hiyo nilivua kikapu, nikamwekea ndama bakuli la pelete na majani ya nepia niliyoyakatakata vipande sawasawa, na sikumpa maziwa.

Aliangalia bakuli. Akaniangalia. Akachukua vidole vyangu akaanza kuvinyonya.

Kutwa nzima alilia, na mama yake akamjibu kutoka ng'ambo ya ubao. Nilijiambia ndivyo kuachishwa kulivyo. Siku ya pili njaa ilimshinda akazivamia pelete, akazimeza bila kutafuna, na jioni ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma. Alisimama amenyoosha shingo. Siku ya tatu uvimbe ulishuka kidogo lakini hakugusa kitu. Alilala. Manyoya yaliyong'aa yalisimama wima, macho yakaingia ndani, na alisaga meno polepole, sauti kama ya mtu anayekanyaga changarawe. Kinyesi kilikuwa kama udongo wa mfinyanzi, halafu kikakoma.

Nilikimbilia ukutani kwenye jedwali. Chini ya lile neno Achisha hapakuwa na mstari mwingine.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili ya kwenda Kimbo. Nilikwenda. Ningeweza kutokwenda, ningeweza pia kwenda na kusema. Mama alinikaribisha, akamimina chai.

"Ameachishwa salama?"

"Salama."

"Anakula?"

"Anakula, mama."

Mtoto wa dada alikuwa kwenye sakafu, kidevu kimejaa uji. Aliokota harage chini ya meza, akalitazama, akalitia mdomoni, na hakuna aliyeshtuka. Mama alinitazama mimi. "Mbona wewe huli?" Nikasema nimeshiba.

Sikwenda kwa daktari wa mifugo pia, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Ofisi yake haikuwa mbali. Lakini angeniuliza ndama alikuwa akila nini, ningejibu maziwa, angeuliza na nini kingine, na ningekuwa sina la kusema. Nilikuwa tayari ndama aumwe siku moja zaidi ili mimi nisiulizwe swali hilo. Nimeliandika hapa bila kulilainisha.

Jumatatu nilikwenda mjini nikijiambia natafuta dawa ya gesi. Karibu na soko kuna mama Mwislamu kutoka mtaa wa Majengo ambaye huuza matumbo. Mama yangu alikuwa mteja wake. Muuzaji huyo alikuwa amejifunga leso kichwani na mikono yake imezama kwenye karai. Alikuwa akiosha tumbo kubwa la ng'ombe, akiligeuza, na upande wa ndani ulijaa vinyweleo vizito vya kahawia. Hicho ndicho kipande ambacho watu wote huita taulo. Nimekila maisha yangu yote. Sikuwahi kujiuliza ni cha kazi gani.

"Mwanangu, unanunua au unapiga picha?"

"Mama, na la ndama liko hivi?"

"Ndama gani? Anayenyonya?"

"Ndiyo."

"La anayenyonya halina taulo." Alikunja ngumi akanionyesha. "Dogo hivi, na laini kama karatasi ya nailoni. Wateja wangu hawalitaki, wanasema ni kutafuna mpira. Taulo huja akianza majani."

"Linakuja lenyewe? Akifika umri?"

Aliacha kuosha, akanitazama kama mtu anayetaka kujua kama namfanyia mzaha. "Lije lenyewe litoke wapi? Huja kwa kula."

Nilisimama pale mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma. Nilikuwa nimehesabu siku themanini na nne kana kwamba tumbo nalo linazihesabu. Lakini tumbo halikuwa na kalenda. Kila siku niliyomfunga kikapu lilibaki lilivyokuwa siku ya kuzaliwa, ngumi laini, halafu asubuhi moja nikalitwisha kazi ya ng'ombe mzima.

Alasiri hiyo nilimngoja yule mzee kando ya ua. Alipoona uso wangu hakuniita daktari.

"Mzee, karibu ndani. Tafadhali."

Alichuchumaa karibu na ndama, akambonyeza ubavu wa kushoto kwa ngumi, akaweka sikio hapo na kutulia.

"Pamenyamaza," alisema. "Tumbo la ng'ombe linatakiwa kunguruma. Hiki ni kiwanda kimejengwa, lakini wafanyakazi hawajaajiriwa."

"Wafanyakazi wanatoka wapi?"

"Kwa mama yake. Mdomoni."

Akanieleza. Sikutaka kuelewa, lakini nilielewa. Ng'ombe anapocheua, donge la majani hupanda kutoka tumboni hadi mdomoni. Kwao, alisema, ndama aliyelala hivi hupewa donge hilo la mkubwa mwenye afya, bado likiwa na joto.

"Na nani analitoa?"

"Wewe. Huyu ng'ombe mzee anajua mikono yako. Mimi akinijua ni kwa mateke."

Nilinawa mikono kwa sabuni. Alinitazama nikinawa, akatikisa kichwa, akasema, "Hata yeye atashangaa." Akashika kamba. Nikasimama kando ya kichwa cha yule ng'ombe mzee, aliyekuwa akicheua macho yamelegea, akameza.

"Ngoja. Tazama shingo."

Nikaona uvimbe mdogo unapanda chini ya ngozi.

"Sasa! Ingiza vidole pembeni, pale hakuna meno. Sasa, msichana, kabla hajakumbuka!"

Nikaingiza. Ulimi wake ulikuwa na nguvu kuliko mkono wangu. Nilichomoka na kitu cha kijani, moto, chenye nyuzi na mate yaliyofika kiwikoni. Kilinuka nyasi za mvua na uji uliochacha. Nilifikiria ndoo nilizochemsha. Nilifikiria kiazi kwenye kidole cha mama yangu na nilivyomwambia. Nikamfungua ndama mdomo, nikakiweka nyuma ya ulimi, nikamwinua kidevu mpaka nikaona kimeshuka. Kisha nikaenda pembeni nikatapika.

"Bado mawili," alisema mzee. "Tapika yote kwanza, ndiyo tuendelee."

Tulimpa madonge matatu siku ile na matatu siku iliyofuata. Aliniambia nimrudishie maziwa, nusu ya yale ya zamani, nimwekee nyasi kavu ngumu, na pelete kiganja kimoja tu.

"Lakini kijitabu kinasema akishaachishwa asirudishiwe..."

"Kijitabu kimelala hapa kinasaga meno?"

Niling'oa ubao uliowatenganisha. Mama yake alimlamba uso mzima, macho na pua na mdomo, nami nilisimama hapo na mikono nyuma kama mwanafunzi. Siku ya tatu alitoa kinyesi, na nikakifurahia kwa namna ambayo sitaieleza. Siku ya tano alivuta nyasi, unyasi mmoja mmoja. Siku ya tisa nilimkuta amelala, taya lake linakwenda upande, linarudi, linakwenda. Nilidhani anasaga meno. Kisha akameza, akatulia, na nikaona donge dogo likipanda kwenye ile shingo yake nyembamba. Nililaza sikio ubavuni mwake. Kulikuwa na sauti, ya mbali, kama gari zito linalopita barabara nyingine.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu jambo hili, na nimekisoma kama mshtakiwa anavyosoma faili lake. Ndama anaponyonya, hujikunja mfereji ndani yake, na maziwa hulipita tumbo la kwanza yakaenda moja kwa moja hadi la nne. Kwa hiyo tumbo la kwanza hulala. Linaloliamsha ni chakula kikavu na maji, na viumbe wadogo wasioonekana ambao ndama huwapata kwenye mate ya mama yake, kwenye nyasi, kwenye vumbi. Hao huichachusha ile chembe ya nafaka, na kile kinachotoka kwenye kuchachuka ndicho huotesha taulo. Kuhara kwa wiki ya tatu huenda kulikuwa jambo la kupita tu. Mpaka leo sijui kama ni yale madonge yaliyomponya, au nyasi, au maziwa niliyomrudishia. Mzee hana shaka. Mimi ninayo, kila siku.

Mama alirudi Jumamosi moja bila kutuma habari. Nilimsikia akinisalimia kutoka langoni, na kabla sijafika alikuwa ameshaingia bandani. Ndama alikuwa amesimama, anakula, lakini mbavu zake zingehesabika kutoka barabarani.

"Mami, umemfanya nini?"

Nilimwambia. Nilianza na kikapu. Nilimwambia kuhusu ukurasa nilioupiga mstari, na siku ya themanini na nne, na ile Jumapili niliyosema anakula.

"Kimbo ni mbali kiasi gani?" aliuliza. "Ni Uganda?"

"Hapana."

"Ulikuwa kwangu. Ulikunywa chai yangu."

Alimkaribia ndama, akampapasa nyonga, uti wa mgongo, akambonyeza tumbo pande zote mbili, bila haraka. Nilikuwa nikingoja anipige, na nadhani ningefarijika.

"Ataishi," alisema. "Lakini atachelewa."

Akavua koti, akanawa mikono, akaenda kukamua.

Alichelewa kweli. Wenzake wa umri mmoja huko Kamenu walipandwa, wakazaa, na wetu alikuwa bado mwembamba wa kifua. Wanawake wa chupa za maziwa waliniuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado," na kila mwezi aliochelewa niliujua kuwa ni wangu. Yule ng'ombe mzee alikuwa ameacha kutoa maziwa kabisa. Kwa karibu mwaka mmoja tulikunywa chai ya rangi, na mama hakuisema sababu hata siku moja, wala mbele ya wageni.

Sasa yule ndama wangu ana mimba ya miezi minane. Ninaandika haya nikiwa nimekaa mahali ninapoweza kumwona. Leo asubuhi mama amekuja akasimama karibu yangu, akasema ndama atakayezaliwa nitamlea mimi. Nikamwambia nitafikiria. Akasema hajaniuliza.